SAMAKI WETU, NAHODHA WETU, BOTI YA NANI?

Wako watu waliozoea kusema kwamba siasa ni mambo ya shamba na mshahara, lakini bahari haina siasa. Bahari, wasema, ni maji tu. Mwenye uwezo na aende akavue, na asiye na uwezo akae pwani atazame. Maneno hayo tumeyasikia Malindi, tumeyasikia Watamu, tumeyasikia Shimoni, na mara nyingi waliotuambia walikuwa wameketi kivulini wakingoja boti zao zirudi na bendera. Juma hili tunataka kuwajibu.

Kila mwaka kusi inapolegea, mnamo Agosti, mpaka kaskazi inapokwisha, mnamo Machi, pwani ya Kenya hupokea wageni wa namna ya peke yao. Hawa hawakuja kuota jua wala kutazama ndovu. Wamekuja kupigana na samaki. Hukodi boti ya injini mbili kwa siku nzima, hutoka alfajiri, huvuka mwamba mpaka maji yanapogeuka rangi kuwa samawati ya giza, na huko hurambaza kutwa wakitafuta jodari, fulusi, nguru, na zaidi ya wote wale wenye pua ya mkuki. Wajuzi wa mchezo huu duniani wanajua kwamba bahari yetu ni katika mahali pachache ambapo mtu aweza kuwapata wote watano: nduaro wa buluu, nduaro mweusi, nduaro wa mistari, sulisuli, na samaki-upanga ambaye huvuliwa usiku. Matajiri huvuka nusu ya dunia kwa ajili yao. Basi hii ni mali. Ni mali kama kahawa ilivyo mali, na kama chai ilivyo mali, na juu ya mali sharti watu waulize maswali.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akiwa hajui njia ya India. Rubani wa kumfikisha alimpata Malindi. Nguzo ya Wareno ingali imesimama pale juu ya mwamba, na watalii hupigwa picha mbele yake. Nguzo ya rubani hatujaiona. Mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway, alipokwisha kuwinda wanyama wa bara, alishuka pwani hiyo hiyo kuvua, na mpaka leo hoteli moja ya Watamu yatumia jina lake. Twamwomba msomaji atutajie jina la baharia mmoja tu wa pwani aliyefanya kazi katika boti za siku zile. Mmoja tu.

KAZI NDANI YA BOTI

Msomaji wa bara ambaye hajapata kupanda boti hizo yafaa ajue jinsi kazi inavyogawanyika. Saa kumi ya usiku mabaharia wamekwisha amka. Wanafunga chambo kwa uzi juu ya ndoana, samaki mmoja mmoja, ili aogelee kama aliye hai. Mshono ukiwa mbaya chambo kitazunguka majini na hakuna nduaro atakayekitazama. Boti ikitoka, nahodha ndiye anayesoma bahari. Aona ndege wanaojitupa majini, aona mstari wa povu na takataka mahali ambapo mikondo miwili imekutana, na kwa hayo ajua wapi samaki wadogo wamejikusanya na wapi mkubwa anawafuata. Elimu hiyo hakuipata katika kitabu cha wageni. Baba yake alikwenda mahali hapo hapo kwa ngalawa na tanga, akiongozwa na nyota na vilima, na babu yake kabla yake.

Mgeni wakati huo amelala, au anakunywa soda. Hatumlaumu, amelipa.

Samaki akila, mgeni huamshwa, huketishwa katika kiti kilichofungwa kwa bolti sitahani, hufungwa mkanda, hutiwa ufito mkononi. Nahodha huirudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki, akiigeuza kwa injini moja moja ili mshipi usikatike wala usipite chini ya boti. Huenda ikawa nusu saa, huenda ikawa saa tatu. Hatimaye samaki akifika karibu na shetri ndipo yaanzapo kazi ya hatari kupita zote. Baharia mmoja aliyevaa glavu huinama, huuzungusha mkononi mwake ule mshipi mnene wa mwisho ulioshikana na ndoana, na kumvuta kwa nguvu zake mwenyewe mnyama wa kilo mia mbili au mia tatu ambaye bado hajachoka. Akiuzungusha vibaya, samaki akizama, mtu huenda pamoja naye. Pua ile ni mkuki kweli kweli. Tumeshikana mikono na mabaharia ambao kiganja chao hakifunguki sawasawa.

Kisha samaki hutiwa alama na kuachwa aende zake, au huuawa na kupandishwa. Picha hupigwa. Katika picha yuko mgeni na samaki.

Chama cha kimataifa cha mchezo huu, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939 na ambacho makao yake yako Florida, kina kanuni kwamba mtu mwingine yeyote akigusa ufito, au mashine yake, au mshipi, kabla ya ule mshipi wa mwisho, basi samaki yule hahesabiwi katika rekodi. Kwa mchezo kanuni hiyo ni ya haki, maana yamzuia mtu kujisifu kwa nguvu za mwenzake. Lakini itazame kwa jicho la mfanyakazi. Yeye aliyemtafuta samaki, aliyefunga chambo, aliyeiendesha boti, na aliyetia mkono wake katika hatari, amri ya kwanza anayofundishwa ni kutogusa. Sifa ni za aliyeketi.

Na huyu aliyefanya yote hayo anaitwaje? Anaitwa boi. Tumemsikia mzee mwenye wajukuu, ambaye amevuka mwamba ule kabla mwenye boti hajazaliwa, akiitwa boi mbele ya mwanawe. Neno hilo lilikuwa jikoni mwa settla na kwenye baraza ya D.C.; bendera yake iliteremshwa tarehe 12 Desemba 1963. Twauliza, ni nani aliyelipa neno hilo kibali cha kubaki baharini?

SHERIA IPO, MKATABA HAUPO

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme boti imekodiwa kwa dola 800 kwa siku, nazo ziko za bei ya chini na ziko za bei ya juu zaidi. Kwa bei ya dola ya miaka hii hizo ni zaidi ya shilingi laki moja. Ondoa mafuta, ambayo ni ghali sana. Ondoa chambo, ondoa leseni, ondoa matengenezo ya injini, maana chumvi haina huruma. Hatutaki kumdhulumu mwenye boti katika hesabu. Ana gharama, na siku nyingine hakodishi. Lakini mabaharia waliotutajia mshahara wao, hakuna hata mmoja aliyepata kwa mwezi mzima nusu ya fedha ambazo boti yake ilitoza kwa siku moja. Wengi walituambia kwamba wanachotegemea hasa ni bakshishi. Na bakshishi ni kitu gani? Ni mshahara ambao mwenye kazi amekataa kuulipa, akamwachia mgeni aulipe akipenda. Samaki wasipokula, mgeni hukasirika, na watoto wa baharia hulala na njaa kwa kosa la samaki.

Kusi ikianza, boti hupandishwa juu ya magogo, na vijana huambiwa, "Tutaonana Agosti." Hakuna barua, hakuna mkataba, hakuna chochote.

Hapa twataka kila mwanachama akate kipande hiki cha gazeti akiweke. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba ajira ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba ulioandikwa, na kwamba kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Msimu wa kuvua una miezi saba au minane. Hata mtoto wa darasa la pili aweza kuitoa hesabu hiyo. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Basi yule kijana ambaye kiganja chake hakifunguki hakustahili kupewa pole na kilo mbili za samaki, alistahili fidia. Hatuombi sheria mpya. Twaomba hizi zilizopo zivuke mwamba.

Na wasije wakatuambia kwamba vijana wale ni vibarua wa kutwa tu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kimekwisha lifikiria jibu hilo: kibarua anayefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi mmoja hageuzwi kuwa kibarua upya kila asubuhi.

Liko jambo jingine. Nahodha wetu wengi hawana cheti cha serikali, ingawa mabaharia wote wa mji wanajua kwamba wao ndio manahodha. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo yenye kutoa vyeti vya kuendesha vyombo vidogo. Asiye na cheti hawezi kubishania mshahara, kwa sababu huambiwa kwamba mbele ya sheria yeye si nahodha, ni mshika usukani tu. Na ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale, watu ambao hapana mwenye kuwapita kwa kuijua bahari, waliozaliwa hapa na kuzikana hapa, walikaa bila kitambulisho mpaka mwaka 2023 serikali ilipowatambua kuwa raia. Mtu asiye na kitambulisho angeipata wapi leseni? Alifanya kazi ya nahodha kwa ujira wa mtu ambaye hayupo. Sasa vitambulisho vimetoka. Twataka tuone vyeti vikifuata, tena upesi, kabla wazee hawajamaliza nguvu zao.

UFUO SI UWANJA WA HOTELI

Tukitoka kwenye boti tunarudi pwani, na hapo ndipo moyo unapouma zaidi.

Mvuvi wa ngalawa amebanwa pande mbili. Mwaka 1968 matumbawe ya Malindi na Watamu yalifanywa hifadhi za taifa, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuvua. Sisi hatuipingi hifadhi. Samaki wanaozaliana mle ndio wanaotoka nje wakatulisha, na mwamba uliokufa haumfai mtu. Lakini aliyefungiwa mlango wa mwamba alipaswa kufunguliwa mlango wa bahari kuu, na bahari kuu yataka injini, redio, na chombo cha kuhimili mawimbi. Vitu hivyo anavyo jirani yake mwenye boti za kukodisha. Yeye ana tanga lenye viraka.

Pande ya pili ni nchi kavu. Mahali pa kupandishia vyombo, palipotumika tangu wazee, pamezungushiwa kuta. Leo ukuta, kesho bango, keshokutwa askari mwenye mbwa anayemwuliza mvuvi ana shughuli gani pale na ndoo yake. Uporaji huu haukuanza jana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ndiyo iliyowaacha watu wengi wa mwambao kuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na baada ya uhuru wakubwa wetu wenyewe wakagawana yaliyobaki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyonyakuliwa nchi nzima. Ripoti hiyo imesomwa na wengi na kutekelezwa kidogo.

Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na kwamba bahari yenyewe na sakafu yake ni za umma vile vile. Askari wa hoteli akimfukuza mvuvi katika mchanga uliolowa, mvunja sheria ni askari. Twasema hivyo kwa herufi kubwa ili na mbwa wake asikie.

WANACHAMA WANAOTAKA KUPIGA MARUFUKU

Katika mikutano ya matawi wako ndugu waliosimama wakasema, "Basi mchezo huu upigwe marufuku, ni anasa ya mabeberu kumchezea kiumbe cha Mungu." Twaiheshimu hasira yao, lakini hatukubaliani nao.

Kwanza, samaki wengi wenye pua ya mkuki wanaokamatwa na boti hizi huachwa wakiwa hai, na kijibango kidogo chenye namba, ili akikamatwa tena mahali pengine wataalamu wajue amesafiri umbali gani. Hiyo ni elimu, nasi twaihitaji. Wauaji wa samaki hao wako mbali na macho ya mtalii. Meli za kigeni hutandaza mshipi mmoja wa makumi ya kilomita wenye ndoana kwa maelfu. Zinatafuta jodari, lakini ndoana haichagui. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo ofisi yake iko Shelisheli, imekuwa ikitoa taarifa kwamba nduaro wa mistari amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2018 iliweka mipaka kwa nduaro na sulisuli. Na sulisuli kwa sehemu kubwa humalizwa na majarife ya kuelea, kutoka nchi nyingi za bahari hii. Majarife, ndugu zetu, sisi pia tunayo. Tukitaka kusema kweli tuiseme yote.

Pili, tukilifunga soko hili tutakuwa tumewafukuza kazi wale wale tunaowatetea. Mgeni anayelipa mamia ya dola kumtazama samaki kisha akamwacha aende, huyo ni mteja ambaye mkulima wa kahawa angemwota usiku. Ugomvi wetu hauko kwenye ndoana. Uko kwenye hati ya boti.

Wala ugomvi wetu si rangi ya mtu. Wako wenye boti wazungu waliozaliwa hapa, wanaosema Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya wabunge wetu, na wachache wao wanawatendea mabaharia wao kwa haki. Tumewaona, na hatuoni haya kulisema. Na wako Waafrika wenzetu, mabwana wa Nairobi, walionunua hisa katika biashara hii na jambo la kwanza walilofanya ni kupunguza mabaharia kutoka watatu mpaka wawili. Huyo naye humwita mzee boi, tena kwa sauti kubwa zaidi, apate kusikiwa na wageni. Tumemjua tangu zamani. Mkoloni alipomwachia kiti hakuubadilisha hata mto.

WATU WETU WAWEZA

Mwezi Novemba 2018 Nairobi iliitisha mkutano mkubwa wa dunia juu ya uchumi wa buluu. Hotuba zilikuwa nyingi na nzuri. Sisi twauliza: katika uchumi huo wa buluu, baharia wa Watamu ni mwenye mali au ni kiti cha kukalia?

Kwamba watu wetu hawawezi kuendesha kazi ya wageni, huo ni uwongo wa zamani ambao hata kuujibu kunachosha. Wanawake wa kisiwa cha Wasini wamejenga njia ya mbao katika bustani yao ya matumbawe, na ada wanaitoza wenyewe. Watu wa Dabaso, katika hori ya Mida, wanafuga kaa na wanaendesha mkahawa juu ya mikoko, na wageni huja toka mbali kuketi pale. Hao hawakungoja mtu wa Ulaya awafungulie mlango.

Boti ni ghali kuliko njia ya mbao, twajua. Yataka injini mbili, redio, maboya, bima, na mtu wa kujibu barua za wageni. Mtu mmoja hawezi. Lakini nahodha wanne na mabaharia wanane, wakiingia katika ushirika na kuweka akiba kila msimu, wanaweza kudhamini mkopo wa chombo cha kwanza kilichotumika, na serikali ya kaunti ambayo hutoa fedha za mabanda ya soko haishindwi kudhamini kilichobaki. Wao tayari wanacho kile ambacho hakinunuliwi: wageni wengi hurudi mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya nahodha, si kwa ajili ya mwenye hati.

Kadhalika twaitaka serikali itundike orodha ya leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 yataka leseni kwa uvuvi wa mchezo. Basi majina ya boti zote zenye leseni, na majina ya wenyewe hasa, yabandikwe katika kila ofisi ya BMU toka Vanga mpaka Kiunga, ili mvuvi ajue ni nani anayevua katika maji yake na amelipa nini. Jambo hili halihitaji fedha za kigeni. Lahitaji karatasi na misumari minne.

Matawi yote ya pwani yameagizwa kufungua daftari kabla kusi haijaisha. Kila nahodha na kila baharia wa boti za kukodisha, mwanachama au si mwanachama, aje aandike jina lake, miaka aliyofanya kazi, kama ana mkataba au hana, kama amepata kuumia, na kama ana cheti. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Wanaotaka cheti tutawapanga madarasa ya jioni, na walimu wa kujitolea tunao tayari. Daftari la kwanza litakapojaa tutalipeleka kwa mkaguzi wa kazi mjini Mombasa, na siku hiyo tungependa aliyeandikwa wa kwanza ndani yake awe ndiye atakayelibeba.